Kuuza mwenyewe kwa mlaji: hela ya leo ina gharama zake

Watu wakiongelea mkulima mdogo kumuuzia mlaji moja kwa moja wanasema eti anamkwepa dalali, basi imeisha. Sawa, ila huku Mtwara mi naona kinachomsukuma zaidi ni hela ya leo. Korosho ghafi ukishaanika na kuchambua unapeleka AMCOS, yaani chama cha ushirika cha msingi, inapimwa, inaenda ghala kuu, unasubiri mnada wa vyama vikuu vya ushirika, MAMCU au TANECU, kisha makato, ndo hela iingie benki. Ndo stakabadhi ghalani hiyo, tuko nayo tangu msimu wa 2007/08. Sasa mtoto anadaiwa daftari leo, unga umeisha leo, kwa hiyo mama mwenye bustani ya mchicha na bamia anabeba beseni lake asubuhi, mchana ana hela mkononi na hakatwi kitu zaidi ya ushuru.

Wengine wanarukia kusema basi mnada ufutwe kila mtu auze anavyotaka. Hapo nawakatalia. Kangomba, ule ununuzi wa magendo wa korosho kwa kupimia bakuli, nayo si ni kuuza moja kwa moja? Jamaa anakuja na bakuli lake kipindi cha njaa, anakupa vijisenti kwa korosho ambazo bado ni maua. Huyo ananunua shida yako, si korosho.

Na mlaji naye asisifiwe sana. Anataka nyongeza, anakopa, akikupitia saa nane mchicha umeshalegea chini ya gunia lililoloweshwa maji anakuambia mafungu mawili kwa bei ya moja, na utampa tu maana kesho haufai. Bado hujahesabu bodaboda, wala siku nzima umekaa sokoni huku shamba linaota majani. Hiyo siku ina bei, ila wengi wetu hatuipigii hesabu.

Pale Mnazi Mmoja, njia panda ya Lindi, basi likisimama tu akina mama wanakimbilia madirishani na vipakti vya korosho. Abiria analalamika bei! Hajui kilo moja ya bangua, yaani korosho iliyotolewa ganda, inakula kama kilo nne za ghafi au zaidi, na yale mafuta ya ganda yanavyochubua vidole wakati wa kubangua. Ila hapo kuuza mwenyewe kunalipa kweli, kwa sababu kazi ya kubangua inabaki nyumbani, wakati korosho yetu nyingi inasafirishwa ghafi kwenda India na Vietnam.

Kwangu mimi ghafi iende mnadani, mboga na bangua auze mwenyewe. Embe hapana. Hizo zikiiva zinaiva kijiji kizima kwa mpigo, na mji wote haumalizi, kwa hiyo anayesema mchuuzi wa kuzibeba kwa jumla ni mnyonyaji aje Desemba aone zinavyooza chini ya miti siku ambayo fuso halijatokea.