Mapanki: makombo au kitoweo?

Filamu ya Darwin's Nightmare, inayohusu biashara ya sangara wa Ziwa Victoria, ilipotoka mwaka 2004, kilichowakera wengi ni mapanki: vichwa na migongo ya sangara vikianikwa juani Mwanza, huku minofu ikisafirishwa Ulaya. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliikosoa filamu hiyo hadharani. Hadi leo mapanki yakitajwa, watu hugawanyika. Wapo wanaosema tunalishwa makombo, na wapo wanaosema kichwa ndiye samaki mwenyewe.

Hawa wa pili wana hoja. Pwani, kichwa cha chewa hakitupwi. Kinatiwa ndimu, pilipili na tui la nazi, na mlaji anayekijua huanza na shavu, akahamia nyama ya shingoni, kisha akafyonza mifupa mmoja mmoja bila haraka. Cha sangara nacho kina mafuta, na supu yake ikipoa huganda. Madini ya chokaa yamo zaidi humo kuliko kwenye mnofu. Isitoshe, minofu ni chini ya nusu ya uzito wa sangara, sasa kinachobaki kitupwe?

Ila mla kichwa cha chewa amekichagua. Mama wa Mwanza ananunua panki kwa sababu sangara mzima, kwa bei ya soko la nje, hamgusi. Hata hilo panki anagombania na watengeneza chakula cha kuku. Ukimwambia kichwa kitamu, hujamjibu.

Hata hivyo, kuyaonea aibu mapanki ni kuwaonea akinamama wanaoyakaanga na kuyauza. Thamani ya kiungo cha samaki huamuliwa na mnunuzi. Bondo, kile kifuko cha hewa tumboni mwa sangara, lilikuwa halina maana kwa wengi. Leo linatafutwa na wanunuzi wa China, kilo yake inazidi ya mnofu mara nyingi, na sijasikia mtu akiliita makombo.

Mimi ninachogombana nacho ni utunzaji. Mnofu unalazwa kwenye barafu na kukaguliwa, maana Ulaya iliwahi kuwafungia milango samaki wa Ziwa Victoria miaka ya 1990 na viwanda vikashika adabu. Mgongo wa samaki yuleyule ukishatoka getini, mara nyingi barafu yake imeishia hapo. Unapigwa na jua, inzi wanautua, na muuzaji anaukaanga mpaka ukauke kau, kwa sababu hana njia nyingine ya kuzuia usioze.

Utasikia kwamba barafu ni gharama, bei ya panki itapanda na atakayeumia kwanza ni huyohuyo mnyonge. Ni kweli, kama gharama hiyo ataachiwa yeye. Lakini anayevuna fedha ya mnofu na ya bondo kwa samaki mmoja hashindwi kununua barafu ya kichwa chake.