Kipindi Kimoja, Mnara Mmoja: Kwa Nini Kitumwe Mara Mia Tatu?

Nimeambiwa ninunue bando kubwa zaidi. Ndilo jibu nililopewa na huduma kwa wateja nilipolalamika kwamba usiku wa Ramadhani, watu wakishatoka tarawehe, simu hapa Wete, Pemba, haina la kuonyesha ila duara linalozunguka. Bando ninalo! Kinachokosekana ni nafasi hewani, na nafasi hiyo inaliwa na mtandao wenyewe, kwa kumtumia kila mtu peke yake kitu kile kile.

Chukua watu 300 chini ya mnara mmoja, wote wanaangalia sehemu moja ya tamthilia moja. Kila mmoja akivuta megabiti 1 kwa sekunde, mnara unabeba megabiti 300 za picha zile zile. Multikasti, njia ya utumaji ambayo mtaalamu wa mitandao Steve Deering aliiandikia kanuni mwaka 1989, inatuma nakala moja tu, na ruta, yaani vifaa vinavyoelekeza data njiani, zinaigawa pale njia zinapoachana. Televisheni ya rangi ilianza Zanzibar miaka ya 1970, na mtambo wa kurushia haujapata kulemewa kwa sababu watazamaji wamezidi.

Najua nitakavyojibiwa: hiyo inafaa kwa mpira wa moja kwa moja, lakini tamthilia kila mtu anaianza kwa wakati wake. Hapo ndipo ninapopandwa na hasira, maana swali hilo lilishajibiwa miaka ya 1990. Njia nyepesi ni kukusanya maombi: seva, ile kompyuta inayotuma video, inangoja dakika chache, kama gari la Konde linavyongoja abiria, kisha inaondoka na wote. Kwa wasiopenda kungoja, watafiti Kien Hua, Ying Cai na Simon Sheu walitoa njia ya kiraka mwaka 1998. Aliyechelewa dakika 6 anaunganishwa papo hapo na mkondo wa video unaoendelea, simu yake inauweka akiba, na huku analetewa peke yake zile dakika 6 zilizompita. Zikimalizika, mkondo wake wa pekee unafungwa, naye anaendelea kwa ile akiba.

Iliyonikaa moyoni zaidi ni njia ya watafiti Juhn na Tseng wa Taiwan, ya mwaka huo huo. Kipindi cha dakika 42 unakikata vipande 63 vya sekunde 40, unachukua chaneli 6. Ya kwanza inarudiarudia kipande cha 1 tu. Ya pili, cha 2 na 3. Ya tatu, cha 4 hadi 7. Unazidi kuongeza maradufu mpaka ya sita, yenye cha 32 hadi 63. Simu inapokea zote kwa pamoja na kuhifadhi. Bonyeza saa yoyote uitakayo, hutangoja zaidi ya sekunde 40. Chaneli hizo hizo 6 zikikianzisha kipindi kizima kwa zamu, utangoja hadi dakika 7. Na watazamaji wawe 60 au 6,000, mikondo ni 6. Niliifanya hesabu hiyo kwa kalamu, nikairudia, kwa furaha.

Haya, yapo ya kukubali. Filamu inayotakiwa na watu wawili haifai kwa njia hizi. Wi-Fi hubeba multikasti vibaya, na simu nyingi hazikutengenezwa kupokea matangazo ya aina hii kwenye 4G, ingawa kanuni zake zipo. Seva za akiba zinazowekwa karibu na watazamaji zinapunguza mzigo wa waya wa baharini unaotuletea intaneti, lakini msongamano wa mnara haziugusi.

Wala si tamthilia tu. Masomo ya video wanayoangalia watoto wa Kidato cha Nne usiku wa kuamkia mtihani ni yale yale, kwa saa zile zile. Mtoto wa Micheweni duara likimzungukia usiku huo, nani atamrudishia?

Kwa hiyo sitaki tena habari za bando. Nyumba zilizounganishwa na faiba, zenye visanduku vya televisheni vyenye nafasi ya kuhifadhi, hazina cha kusubiri. Chukueni vipindi vitano vinavyoangaliwa zaidi baada ya tarawehe, mvikate vipande, muanze navyo Ramadhani ijayo. Minara ifuate.