Enameli huharibika kabla jino halijaonekana

Tunakosea tunaposubiri jino lichomoze ndipo tuanze kulijali. Siku jino linapotoboa ufizi, enameli yake, yaani tabaka gumu la nje, imeshajengwa, na seli zilizoijenga zimeshatoweka. Mfupa ukivunjika huunga. Enameli ikimeguka haioti tena.

Seli hizo ni ameloblasti. Huanza kazi kwenye mpaka wa dentini, sehemu ngumu iliyo chini ya enameli, na kuelekea nje, takriban mikroni 4 kwa siku (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), zikimwaga protini, hasa amelojenini, na kupanga ndani yake nyuzi nyembamba mno za madini ya kalsiamu na fosfati. Kwenye ncha za gego unene hufika kama milimita 2.5. Lakini unene ukitimia, enameli bado ni laini. Ndipo hufuata hatua ya kukomaa, ambayo huchukua muda mrefu zaidi: vimeng'enya huikatakata ile protini, mabaki yake huondolewa, na madini hujaza nafasi hadi kufikia asilimia 96 ya uzito.

Hapa ndipo mengi huharibika. Protini isipoondoka vizuri, enameli hubaki na vitundu vidogo, na jino hutoka likiwa na mabaka meupe ambayo baadaye hugeuka kahawia. Floraidi ikizidi kwenye maji ya kunywa kwa miaka mingi huleta hali hiyo. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani (WHO) ni miligramu 1.5 kwa lita. Homa kali au utapiamlo navyo vyaweza kusimamisha ujenzi, na jino likaja na mfereji unaolikata kwa mlalo. Mahali ulipo mfereji huonyesha mtoto aliugua akiwa na umri gani, kwa kuwa ncha hujengwa kwanza na shingo mwishoni. Tetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria, kwa upande wake, hunasa kwenye kalsiamu na kuacha rangi ya manjano au kijivu, ndiyo maana kwa kawaida haipewi wajawazito wala watoto walio chini ya miaka 8.

Gego la kwanza la kudumu huanza kujengwa kwa madini karibu na kuzaliwa, na taji lake, yaani sehemu inayofunikwa na enameli, hukamilika mtoto akiwa na miaka 3 hivi. Kwa hiyo lishe ya mama mjamzito, chanjo na maji salama ni huduma ya meno, na ningependa kliniki za watoto ziyataje hivyo waziwazi.

Gego hilo hutoka karibu na miaka 6, nyuma ya meno ya utotoni, bila jino lolote kung'oka. Wazazi wengi hudhani nalo litang'oka. Enameli yake bado changa na huyeyuka upesi kwenye asidi, hivyo lisuguliwe kwa mswaki ulioingizwa kwa upande, na dawa ya meno yenye floraidi kiasi cha punje ya njegere. Mtoto ateme povu, asisukutue kwa maji. Mifereji ya juu ya gego ikiwa na kina kirefu, mwombe daktari aizibe mapema, kabla haijatoboka.