Petroli na kansa: tunamwangalia mtu wa pampu, tunamsahau fundi

Kila mada ya afya za watu wa petroli ikizuka hapa Kampala tunagawanyika, kuna wanaosema kila anayeshika pampu kansa inamsubiri, na kuna wanaojibu kwamba mzee fulani ameuza mafuta maisha yake yote na bado anakunywa pombe yake vizuri tu. Mi naona pande zote zinamwangalia mtu mmoja, yule wa steseni, na si yeye anayenipa wasiwasi zaidi.

Kwamba petroli ina sumu hilo halina ubishi. Ndani yake kuna kemikali inaitwa benzini, inaenda mpaka kwenye uboho kule damu inakotengenezwa, na inafanya kazi polepole, miaka inapita mtu haumwi kitu, ndio maana huyo mzee hawezi kuwa ushahidi. IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa kansa, lilishaiweka benzini kundi la kwanza zamani, yaani vitu vilivyothibitika kuleta kansa kwa binadamu, moshi wa dizeli ukafuata 2012, na 2025 petroli yenyewe ikaingia, kwa kansa ya damu na ya kibofu.

Lakini jamani, hilo kundi linapima uhakika wa ushahidi, halipimi ukali. Pombe imo humo humo (pole mzee), hata miale ya jua imo. Mtu wa pampu anafanya kazi nje, upepo unapita, mvuke anaovuta haufikii wa yule anayeingia ndani ya tangi kulisafisha. Kwa hiyo wanaosema tusitishane wana hoja, kwa huyo wa pampu.

Sasa nenda Katwe, mtaa wa mafundi hapa Kampala. Kabureta ya boda iko kwenye bakuli la plastiki, petroli imejaa, fundi anasugua na mswaki wa zamani, mikono mitupu, akimaliza anainawia hiyo hiyo petroli kutoa grisi halafu anapokea rolex yake (chapati iliyokunjwa na mayai) anakula. Benzini inapita kwenye ngozi, na petroli inavyoikausha ngozi mpaka ipasuke ndio inapita vizuri zaidi. Halafu kuna wanaonyonya mafuta kwa mpira, huyo hata asiongelee kansa, yakimpalia yakaingia kwenye mapafu yanaleta nimonia ndani ya siku chache, na yale maziwa tunayokimbilia kumnywesha hayasaidii, akitapika ndio mafuta yanampalia tena.

Kuna Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2006, inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Sawa, steseni ina bosi, unaweza kumbana, ingawa akikupa barakoa ya kitambaa amekudanganya tu, haizuii mvuke. Ila fundi aliyejiajiri chini ya mwembe utambana nani? Sheria inamfikia zaidi yule mwenye nafuu.

Wengine wanashauri vipuri vioshwe na dizeli au mafuta ya taa. Ngozi itakauka bado, lakini benzini humo ni kidogo sana, kwa hiyo mi naunga mkono. Fundi atakwambia petroli inakauka haraka, dizeli inabaki inateleza, na mwenye boda amesimama pale anataka pikipiki yake sasa hivi maana kila dakika anapoteza abiria, na hapo kusema kweli sina jibu la kumpa zaidi ya glavu.