Mweka Hazina Hapatikani kwa Sasa

Kwa mliotumiwa ile voisi kwamba nimefumaniwa nikila michango ya harusi: aliyeirekodi ndiye aliyeichokonoa simu yangu. Hicho kipande, ajabu, amekiruka.

Simu ilikuwa inang'ang'ania 3G hata nikisimama chini ya mnara. Nimezima data, nimewasha, nimeweka hali ya ndege, nimetoa laini nikaipangusa kwenye shati. Wapi! Jamaa akasema lete hapa. Nyota reli nyota reli 4636 reli nyota reli nyota, ikafunguka menyu ya ajabu, akachagua 4G peke yake. Video zikateleza hizo! Nikamnunulia soda. Naidai irudi.

Ijumaa iliyopita jioni nipo kwa muuza mishkaki, nimetulia. Simu haijaita kutwa nzima, nikajua kamati leo imeniheshimu. (Grupu lao nililizima sauti zamani. Msinihukumu, yale maua ya "asubuhi njema" huanza saa kumi alfajiri.) Nikatupia na stetasi: mishkaki, ndizi, pilipili, "mwili haujengwi kwa tofali".

Bajaji ikasimama. Akashuka mwenyekiti wa kamati. Akashuka mpishi. Halafu taratibu, mguu mmoja kwanza, akashuka shangazi wa bibi harusi, khanga kaifunga kiunoni. Wa pwani mnajua khanga ikifika kiunoni kinachofuata.

"Shikamoo shangazi."

Marahaba haikuja.

Akatoa kitochi chake, akapiga namba yangu, akaweka spika. Muuza mishkaki akaacha kupepea. Simu yangu iko mezani pembeni ya sahani, 4G imejaa, video inacheza. Yule dada akaanza, kwa utulivu wake ule: "Namba unayopiga haipatikani kwa sasa." Shangazi akaitazama simu. Akautazama mshikaki. Akapiga tena. Dada akarudia, kisha akaongeza na Kiingereza, utadhani tuna mgeni.

"Mwanangu, kwenye simu hupatikani tangu asubuhi. Kwenye stetasi unapatikana."

"Shangazi, hela ya mpishi ipo, naituma sasa hivi mkiona."

Nikabonyeza menyu ya kutuma pesa. Ikafikiria. Ikafikiria tena. "Tatizo la muunganisho au msimbo batili wa MMI." Mpishi akasoma kwa sauti, neno kwa neno, kisha akauliza huyo MMI ni nani na amepewa shilingi ngapi.

Aliyeniokoa ni kijana fundi simu wa kibanda cha jirani. Aliingia kwenye ile menyu akaguna. Simu yangu haipigi wala kupokea kwa 4G: ikipigiwa lazima ishuke kwanza 3G au 2G, na menyu ya pesa nayo hivyo hivyo. Jamaa alikuwa ameiziba njia ya kushukia. Kijana akairudisha ichague mtandao yenyewe, na kabla hajanikabidhi, ikaita. Ni shangazi, kasimama hatua moja nami, bado anapiga.

Hela ikaenda, pilau likaliwa, bwana harusi akacheka hadi kifungo cha koti kikaruka. Uhazina nimevuliwa, nikapewa kuhesabu viti, tena na msaidizi. 3G imerudi kung'ang'ania na siigusi. Shangazi ananipigia kila asubuhi. Nikipokea tu, anasema, "Aa, nilikuwa naangalia," anakata.