Glia na magugumaji: nani alianza?

Anayevuka kwa kivuko cha Kamanga, Mwanza, siku magugumaji yamezidi hakosi kusikia ubishi. Abiria mmoja atasema gugu ndilo adui: asili yake Amerika ya Kusini, likaingia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na hadi leo linaziba mialo na kuwanyima samaki hewa. Mwenzake atamjibu kwamba gugu linakula tu kilichomwagwa, yaani mbolea na majitaka yanayoshuka na mito. Wote wawili wana hoja. Wataalamu wa ubongo nao wana ubishi wao unaofanana na huo, na zinazobishaniwa ni seli za glia, zinazoishi pamoja na seli za neva: je, ndizo zinazoleta ugonjwa, au zinaitikia tu uharibifu ulioanza kwingine?

Jina liliziponza tangu mwanzo. Mwaka 1856 Rudolf Virchow, daktari wa Ujerumani, alizipa jina linalotokana na neno la Kigiriki la gundi, akiamini kazi yake ni kuzishika seli za neva zisitawanyike. Zikabaki gundi kwa zaidi ya karne. Hata idadi yake ilitajwa kwa mazoea: vitabu viliimba kwamba ni mara 10 ya seli za neva, mpaka mwaka 2009 timu ya Suzana Herculano-Houzel wa Brazil ilipohesabu na kukuta seli zote zisizo za neva ni kama bilioni 85, za neva bilioni 86. Kumbe miaka yote hiyo watu walikuwa wakinakiliana.

Kwamba glia ni zaidi ya gundi kwenye ukuaji wa ubongo, mimi sioni ubishi uliobaki. Mtoto akiwa tumboni, glia ndefu kama miale hujinyoosha kutoka kiini cha ubongo hadi nje, na seli changa za neva hupanda juu yake mpaka zifike mahali pake. Baadaye ikajulikana kwamba nyingi ya seli hizo za neva zimezaliwa na glia hizo hizo.

Ushahidi wa kusikitisha una mizizi kwenye ziwa letu. Virusi vya Zika viligunduliwa mwaka 1947 kwa tumbili aliyewekwa kwenye kizimba katika msitu wa Zika, karibu na Entebbe. Kwa miongo mingi vilijulikana kwa homa nyepesi tu. Mwaka 2015 watoto wengi Brazil wakaanza kuzaliwa na vichwa vidogo, na watafiti wakakuta virusi hivyo hushambulia zaidi glia za miale. Zingekuwa gundi tu, tungeona nyufa. Hapa nyumba yenyewe haikujengwa.

Ugonjwa ndio unaotibua mambo. Chukua Alzheimer, unaowanyang'anya wazee kumbukumbu. Kundi moja linaitupia lawama mikroglia, aina ya glia ambazo ni askari wa kinga ndani ya ubongo: kwamba zikishachokozwa hazijui kuacha, hula hadi viungio vizima vya neva. Panya waliopewa dawa ya kuziua, wengine walionyesha nafuu ya kumbukumbu. Kundi la pili linajibu kwa jeni iitwayo TREM2. Mwaka 2013 ilionekana kwamba watu wenye aina fulani za jeni hiyo, zinazodhoofisha mikroglia, wako kwenye hatari kubwa zaidi ya kupata Alzheimer. Kama mikroglia ni adui, mbona zikilegea ugonjwa unapata nafasi? Hoja nzito. Lakini dawa iliyotengenezwa kuziamsha kupitia TREM2 ilijaribiwa kwa wagonjwa, na mwaka 2024 ikatangazwa kwamba haikupunguza kasi ya ugonjwa.

Nadhani makundi yote mawili yanauliza swali moja kwa nyakati mbili za ugonjwa. Glia huanza kama matokeo, kisha huwa sababu, kama gugu lililoitwa na uchafu na sasa linafunga njia ya mtumbwi. Na kama gugu, hazing'oleki: panya akiachishwa dawa, mikroglia huota upya ndani ya wiki chache. Mfano wangu unakomea hapo, kwa sababu gugu ni mgeni ziwani, na mikroglia huingia kwenye ubongo mimba ikiwa bado changa kabisa. Ni wenyeji. Anayetaka kuzifyeka zote anacheza na moto.

Kanda ya Ziwa ina sababu nyingine ya kufuatilia haya. VVU kwa kawaida haviingii kwenye seli za neva. Ndani ya ubongo makazi yake makuu ni mikroglia na ndugu zake. Mtu anaweza kumeza ARV vizuri, virusi visionekane kwenye damu, na bado akawa msahaulifu. Wako wanaosema ni virusi vilivyojificha humo. Wengine wanasema ni makovu ya kabla ya kuanza dawa, au msongo, au pombe. Mimi siwezi kuupuuza upande wowote, na sijaona dawa ya glia ya kumpa mgonjwa huyo leo.

Lakini kuna jambo lisilosubiri dawa mpya. Kliniki, anayesahau dozi huitwa mzembe, akagombezwa mbele ya foleni. Kabla ya hapo aulizwe kwanza kama siku hizi anasahau pia chungu jikoni, chenji kwa konda, au jina la jirani.