Ukweli Kuhusu Lile Hema na Mama wa Omena

Kwanza niseme hivi: hakukuwa na fungate.

Najua mmeiona ile video. Simu yangu haijanyamaza tangu Jumamosi. Hata fundi wangu wa viatu amenitumia, akauliza kama niko salama, halafu akamwaga vikatuni vya kucheka hadi skrini ikajaa. Aliyerekodi ni mweka hazina wa chama chetu, mtu ninayemkabidhi pesa zangu kila mwisho wa mwezi, na ni yeye aliyeandika pale chini: "Jamaa kaanza fungate na mke wa mtu kabla hata hatujafika msituni." Maneno hayo yalifika nyumbani kabla yangu. Jana nimelala kwenye kochi. Kwa hivyo leo naeleza mwenyewe, na mama watoto, ikiwa unapitia hapa kimyakimya kama kawaida yako, tafadhali usiishie katikati.

Ubaya wa video ile ni kwamba inaanza hema likiwa limeshasimama, mimi ndani, mama wa watu ndani, matatu nzima inalia kwa kicheko. Haionyeshi hema lilivyofika mle.

Lilitoka soko la Kibuye, Kisumu, Jumapili ya kabla ya safari, upande wa mitumba. Na ijulikane kwamba nililikagua. Mimi si mtu wa kuuziwa kwa mdomo.

Mwenye mzigo alisema elfu nne. Nikamwambia afungue kwanza. Akachukua lile duara bapa, akalirusha juu, na kabla halijatulia chini lilikuwa nyumba yenye mlango na dirisha. Ni zile za kujifungua zenyewe: hazina fito za kuunganisha, zina waya wa springi ulioshonewa kwenye pindo za kitambaa, na huo waya, usiku na mchana, unachotaka ni kunyooka tu. Hilo mliweke akilini.

Nikaingia, nikafunga zipu, nikalala chali. Saa sita mchana, Kisumu, ndani ya plastiki. Nje nilisikia mtu akiuliza kama nimezirai. Lakini ndivyo hema la mtumba linavyokaguliwa: jua likiwa utosini, tundu hata la sindano linajionyesha lenyewe. Sikuona tundu. Nikapapasa kitambaa kwa ndani. Mahema mengi hupakwa utando wa polyurethane, aina ya plastiki, ili maji yasipite, na utando huo ukikaa miaka kwenye joto na unyevu huoza. Unanata vidoleni, unabanduka magamba, unanuka matapishi ya mtoto. Hema likifika hapo halina dawa, hata ukipewa bure muachie mwenyewe. Langu lilikuwa kavu na laini. Nikafuata ule utepe uliobandikwa juu ya mishono, maana hema huvuja kwenye mshono kabla ya kuvuja kwingine kokote; haujabanduka. Kibandiko cha sakafu kiliandikwa 3000, yaani kitambaa kinahimili maji yaliyosimama hadi urefu wa milimita 3,000 kabla hayajaanza kupenya. Nikalikubali.

Zipu ndiyo iliyonisumbua. Kichwa kinapita mbele, meno yanaachana nyuma. Mwenye mzigo akaanza kuogopa kwamba nitaacha, kumbe mimi nimekuja na koleo. (Ndiyo, naenda Kibuye na koleo. Cheka tu.) Kichwa cha zipu kikilegea unakibana kidogo kila upande, polepole, ukizidisha unakivunja, halafu unapaka meno nta ya mshumaa. Ikashika. Watu waliokuwa wamesimama pale wakaanza kuniletea mabegi yao.

Nikalipa elfu mbili na nusu. Mwenye mzigo akalikunja akiwa anaongea na mteja mwingine, goti hapa, mkono pale, likawa duara tena. Mimi wakati huo nahesabu chenji. Na kwa kuwa ule mkanda wa lastiki uliokuja nalo ulikuwa umechoka, akanipa raba nyeusi ya boda boda, ile yenye ndoano za chuma pande mbili, akalizungushia. Bure. "Hiyo ni nyongeza, brathe."

Nyumbani sikulifungua tena. Chumba chetu kina nafasi ya hema au ya sisi.

Basi Jumamosi tukaelekea msitu wa Kakamega, wenzetu wa chama wametangulia na gari la mwenyekiti, mimi na mweka hazina tukapanda matatu Kisumu tukashukie Khayega. Yeye akakimbilia kiti cha mbele kando ya dereva. Mimi nikapata safu ya pili, katikati. Kulia kwangu pasta aliyevaa suti ya kijivu. Kushoto, mama mmoja amepakata beseni la omena kavu, wale dagaa wa ziwani, lililofunikwa kwa leso. Na magotini pangu, lile duara.

Halikuenea chini ya kiti, halikuenea nyuma. Makanga aliuliza kama ni dishi. Pasta alidhani ni ngoma. Mama wa omena ndiye aliyeuliza kwa adabu: "Baba, hiyo ni nini?" Nikamweleza. Nikaeleza polyurethane. Nikaeleza milimita 3,000. Kuanzia Mamboleo hadi tunamaliza kupanda Riat nilikuwa bado naeleza, na safu nzima ya nyuma inasikiliza, na ningependa muelewe kwamba kwa muda huo nilikuwa mtu wa heshima sana ndani ya lile gari.

Tukafika Kiboswa. Kuna tuta. Dereva hakuliona, au aliliona akaamua halimhusu.

Sasa twende polepole hapa, kwa sababu hapa ndipo video haipo.

Gari likaruka. Sisi sote tukaruka. Hema likaruka. Tulipotua, hema lilitua kwa ukingo, na nikasikia sauti ndogo sana: tak. Nikatazama chini. Ndoano moja ya raba ilikuwa imeachia. Ile raba nikaiona inapita mbele ya pua yangu, ikaenda ikagonga kioo cha dirisha upande wa pasta. Pasta akageuka kunitazama. Akafungua mdomo aseme kitu. Mimi nikakumbatia duara kwa mikono miwili, na nikahisi kitu ndani yake kinavuta pumzi.

Kisha waya ukanyooka.

Sikusikia mlio, nilisikia upepo. Fwaaa. Kitambaa cha kijani kikapanda mbele ya macho yangu, kikachukua kofia ya mzee wa nyuma, kikachukua miwani ya mtu, kikagonga dari kikakosa pa kwenda, kikateremka upande wa pili. Ukingo mmoja ulipita chini ya beseni la omena na kulinyanyua. Nililiona lile beseni. Lilipanda wima, bila haraka, na leso yake juu, likasimama hewani kama linatafakari, kisha likapinduka. Kilichofuata ni giza la kijani na omena zikininyeshea utosini, shingoni, ndani ya kola. Omena kavu ina tabia ya kuingia mahali ambapo mkono hauwezi kuifuata.

Kukawa kimya. Kisha kutoka mahali fulani nje ya kitambaa nikasikia sauti ya pasta: "Damu ya Yesu!"

Hapo ndipo makanga, aliyekuwa amening'inia mlangoni akiita watu wa Majengo, alipogeuza kichwa kukusanya nauli. Anasema hakuona abiria. Aliona nyumba. Akapiga bodi ngumi zote, dereva akakanyaga breki, na nyumba yote ikasogea mbele ikamfunika dereva kisogo.

Nikapapasa nijue niko wapi. Mkono ukagusa bega. Bega likasema, "Wee kijana, umenifungia wapi?"

Mlango wa hema ulikuwa wazi nusu wakati linafunguka, na kwa hesabu ambazo siwezi kuzieleza, lilikuwa limetumeza sisi wawili tu. Mimi na mama wa omena. Ile zipu niliyoitengeneza kwa mikono yangu ilikuwa imejifunga barabara.

"Ni hema, mama."

"Mimi sijalipa hema. Nimelipa Chavakali."

Nikatafuta kichwa cha zipu. Kilikuwa upande wa nje. Nikaingiza kidole kwenye upenyo, nikavuta, ikaachia kiasi cha kichwa kupita, nikachomoza kama kobe. Na mbele yangu, sentimita chache kutoka puani, ilikuwa simu ya mweka hazina, taa nyekundu inawaka. Hapo ndipo video yenu inapoanzia. Ile sauti ya kike mnayoisikia ikisema "Nitoe humu, watu watasema nini" ilikuwa na sababu zake. Ilikuwa na haki zote.

Mngedhani hapo ndipo mwisho wa aibu. Tulikuwa tumesimama katikati ya barabara, na polisi wa barabarani walikuwa hatua chache mbele.

Afande akaja taratibu. Akainama dirishani. Akakaa ameinama.

"Dereva. Umebeba wangapi?"

"Kumi na wanne, afande."

"Nitawahesabu vipi, wameingia ndani?" Akazunguka upande wa mlango. "Mwenye nyumba ni nani?"

Nikatoa mkono.

Sheria za Michuki, zile za waziri John Michuki za kunyoosha matatu, zilipoanza kutekelezwa Februari 2004 zilileta mikanda kila kiti na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, lakini aliyeziandika hakuwahi kuona kesi yangu. Ilibidi afande abuni. Akauliza kama abiria wote wamefunga mikanda. Mzee aliyepoteza kofia akajibu kutoka nyuma, "Sisi tumefunga, afande. Ni hema tu ambalo halijafunga." Afande alijitahidi. Mabega yalianza kutikisika, akageuka akatazama mashamba ya watu kwa muda mrefu, akatupungia mkono tuondoke bila kutugeukia tena.

Tuondoke vipi? Lilikuwa halitoki mlangoni. Makanga alivuta, pasta alisukuma, mimi nilipiga magoti juu yake, kila tukikunja kona moja nyingine inafumuka na kumpiga mtu. Aliyetuokoa ni msichana wa shule wa kiti cha nyuma. Aliuliza, "Uncle, mfuko wake uko wapi?" Mfuko nilikuwa nimeukalia. Ndani yake kulikuwa na mchoro umeshonwa. Akausoma, akatuamuru tulibane liwe bapa, tukalipitisha mlangoni, tukalisimamisha kando ya barabara. Ukiwa nalo hivyo unashika upinde wa juu, unauteremsha kuelekea chini huku waya unajipinda namba nane, zile duara mbili unaziteleza moja juu ya nyingine, unafunga. Halitaki nguvu. Msichana mwenyewe ni wa darasa la saba. Abiria walimpigia makofi, na mimi nikapiga.

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Makanga alinitoza nauli ya viti vinne kwa sababu nyumba ilikalia viti vinne, tukashushana hadi viwili. Mama wa omena alikadiria hasara yake kwa gorogoro, lile kopo la kupimia, kwa macho tu, na macho yake yalikuwa yanamjali sana mwenyewe; nililipa, na alipokuwa anashuka Chavakali akaniambia nimsalimie mke wangu. Khayega, boda, Shinyalu, Isecheno. Jioni ikanyesha kama kawaida ya msitu ule, na hema, nawaapia, halikuvuja hata tone. Usiku siafu wakafuata omena zilizobaki kwenye mishono. Nikahamia hema la mweka hazina, nikalala nikisikia anatazama video chini ya blanketi.

Tangu asubuhi nimelisafisha. Sifongo, maji ya vuguvugu, sabuni ya kipande. Sabuni ya unga na mashine ya kufulia huula ule utando, na ukilikunja bichi linaota kuvu kabla ya wiki kuisha. Sasa linakauka kivulini nyuma ya nyumba, na paka wa mtaa mzima wamekuja kulitazama.

Linauzwa. Zipu nzima, sakafu nzima, mkanda mpya wa nailoni wenye kifungo cha kubana, umeshonwa mara mbili na fundi wa mabegi, na mchoro wa kukunja uko ndani ya mfuko. Harufu itaisha, naambiwa. Elfu mbili, maelewano yapo. Mweka hazina akilitaka, kwake ni elfu nane.